Kopo la Chokaa la Mama Mkubwa

Ijumaa, 1 Novemba 1968. Mvua ya vuli imepiga nusu saa ikakatika, na sasa kuna kijua cha alasiri kwenye ukuta wa jikoni.

Vidole vyangu vimejaa chokaa mpaka ndani ya kucha, na sitaki kuvikosha. Mwandiko wangu, ambao ofisini wanausifia, leo unakwenda upande kwa sababu kalamu inateleza. Nina furaha, shajara yangu. Nina furaha na nina aibu, vyote viwili pamoja, na sijui nikuanzie na kipi.

Nianze na majivuno, maana ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Miezi miwili nyuma Bwana Haji, mkuu wa ofisi yetu ya ramani, aliniwekea mezani karatasi tupu iliyoifunika meza nzima. Akaniambia ule ndio uwanja ulio baina ya majumba matano mapya ya ghorofa hapa Ng'ambo. Hapa hapa ninapokaa! Flati zimekwisha na watu wamehamia, lakini kiwanja kilichobaki katikati ni vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Sasa inatakiwa bustani: njia za kutembelea, miti ya kivuli, pembea za watoto, pahala pa watu kukaa wakapunga upepo.

“Chora wewe, Bi. Zuhura,” alisema. “Wewe unakaa kule, unawajua watu.”

Mimi! Kwa miaka miwili nilikuwa nachora mitaro na mashimo ya vyoo, na hata hiyo nilikuwa nanakili tu kazi za wenzangu. Katika chumba kile cha meza sita, mwanamke ni mimi peke yangu. Siku ile nilitoka ofisini sikanyagi chini. Nilipita madukani Mlandege nikanunua penseli mbili mpya, ingawa ofisini penseli zipo tele.

Nilichora kwa mapenzi yote niliyonayo. Watoto niliwawekea pembea za kudumu, siyo zile za Sikukuu zinazofungwa siku nne kisha zikaondolewa na vilio vikabaki. Nilipanga miarubaini upande wa jua la jioni na mivinje upande wa upepo. Vijana niliwapa kiwanja cha mpira, mbali kidogo na madirisha. Halafu nikafika kwenye njia, na hapo ndipo nilipojiona fundi hasa. Nilichora njia tatu pana zinazokutana katikati kwenye duara, na kila njia nikaipangia mabaraza ya mawe pande zote mbili, tangu mwanzo hadi mwisho. Muunguja bila ya baraza ataishi vipi? Nilitaka mtu aliyehama nyumba yake ya udongo akapanda ghorofani, akishuka alikute baraza lake linamngoja.

Bwana Haji aliutazama mchoro ule muda mrefu, akavua miwani, akasema, “Huu sasa ndio mji wetu.” Wenzangu wakaja kuuangalia mmoja mmoja. Hata yule ambaye kila siku hupita mezani kwangu kama pana kiti kitupu, alisimama akaniuliza nimewezaje kuupata mviringo ule bila ya kufuta.

Nilizilalia sifa zile wiki nzima.

Kesho, Jumamosi saa tatu asubuhi, mchoro unakwenda mbele ya kamati. Ukigongwa muhuri, Jumatatu mafundi wanamwaga saruji, na baraza la mawe likishajengwa hakuna wa kulihamisha. Ndiyo maana wiki hii nimeishi roho juu.

Sasa nije kwa Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada yake mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Watu wengine humwita Bi. Kazija. Kule kwenye nyumba yetu ya zamani, kabla haijavunjwa kupisha majumba haya, alikuwa hakai nyumbani. Asubuhi yuko kwa huyu, alasiri yuko kwa yule. Shoga yake wa roho, Bi. Riziki, tulipakana naye ua kwa ua. Walitoboa tundu kwenye ua wa makuti, ukubwa wa kupita mtu aliyeinama, na tundu lile liliwatosha kwa miaka ishirini. Kila Ramadhani kaimati za Mama Mkubwa zilipita pale sahanini zikiwa za moto, na mkate wa kumimina wa Bi. Riziki ukarudi pale pale.

Tukapewa flati, ghorofa ya pili. Bi. Riziki naye akapewa yake, jumba la pili kutoka letu. Kutoka ngazi zetu mpaka ngazi zake nimepima mwenyewe: hatua mia na kumi.

Tangu tuhamie, Mama Mkubwa hajawahi kuzimaliza hatua hizo.

Mwanzo alisema magoti. Halafu jua. Halafu akaacha kusema chochote, akawa anakaa roshani anaitazama roshani ya Bi. Riziki, na Bi. Riziki naye anatazama huku. Wakipungiana mikono, basi, ndiyo mazungumzo ya siku nzima. Amekonda, hata kanga siku hizi anaizungusha mara mbili. Nilidhani uzee umeingia. Nilidhani ni huzuni ya nyumba ya zamani na itapita. Mimi naondoka asubuhi, narudi alasiri nimechoka, na kichwani nina mchoro, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kudhani tu.

Jumanne nilimletea nakala ya mchoro nyumbani. Nilitaka anisifie, nasema kweli. Nilimtandikia kwenye mkeka, nikamwonesha jumba letu, jumba la Bi. Riziki, pembea, miti, njia. Mabaraza nilimwonesha moja moja. Alifuata kidole changu kwa makini mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Na hapa watakaa nani?”

“Watu, Mama Mkubwa. Wapumzike, wazungumze.”

“Watu gani?”

Akaweka kidole chake mwenyewe kwenye ngazi zetu, akakipeleka pole pole juu ya njia yangu pana, mpaka kwenye duara, mpaka kwa Bi. Riziki. Kila penye baraza alikisimamisha.

“Asalaam aleikum. Aleikum salaam, Bi. Kazija, habari za nyumbani? Waenda wapi na jua hili? Haya. Asalaam aleikum. Aleikum salaam, Bi. Kazija, mbona huonekani?” Akafika mwisho, akaniangalia. “Mara kumi na nne kwenda, mwanangu, na kumi na nne kurudi. Na macho yote yale mgongoni. Mie nnakwenda kwa Riziki kuomba ndimu. Sasa mie n'tapita wapi?”

Niliukunja mchoro, nikaenda jikoni, nikajifanya natafuta kiberiti.

Kosa hili asingelifanya mgeni. Mgeni angechora majani tu na miti, na watu wangekatiza wapendavyo. Hili ni kosa la Muunguja, tena anayejivunia Uunguja wake. Mtaa wetu wa zamani ulikuwa na mbele na nyuma. Mbele walikaa wanaume na mabaraza yao, kahawa yao na bao lao. Nyuma kulikuwa na mji mwingine, wa kwetu, wa nyua zinazofunguana, ambao mwanamke aliweza kuuvuka nusu yake bila ya kusalimiana na mwanamme hata mmoja. Nilipokuwa mtoto sijui nimeambiwa mara ngapi “pita uani.” Majumba mapya hayana uani. Yana mbele kwa pande zote nne, na mimi nikaja na rula yangu nikaijaza mbele hiyo mabaraza matupu.

Na kwa nini sikuliona? Kwa sababu mimi ninapita. Ninapita na mchoro kwapani, wazee wa barazani wananiita Injinia, nami najibu “naam” huku nikivimba kichwa. Nilisahau kwamba si kila mwanamke ana karatasi ya kujikingia.

Jumatano nilikwenda ofisini kama kawaida, na mchoro kama ulivyo.

Niandike hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu: nilitaka kunyamaza. Nilijiambia kwamba watu watazoea, na kwamba Mama Mkubwa ni mmoja tu na majumba ni matano. Lakini hasa hasa nilikuwa nawaona wenzangu wa ofisini wakitazamana, yule wa kiti kitupu akitabasamu, na mtu akisema kwamba walijua tangu mwanzo, kazi hii si ya mwanamke. Mchoro wangu wa kwanza wenye jina langu pembeni! Nani anautia dosari mchoro wake mwenyewe siku tatu kabla ya muhuri?

Jana asubuhi Mama Mkubwa alikuwa anapepeta unga, anautayarisha mapema kwa ajili ya Ramadhani, maana Shaabani nayo inakwenda mbio. Bila ya kuniangalia akasema, “Mwaka huu sahani ya Riziki utaipeleka weye.”

Miaka ishirini hajamwamini mtu mwingine na sahani ile. Hata mimi nilikuwa nikiigusa ananipiga kikofi. Nilishuka ngazi nikilia, na machozi yalikuwa hayajakauka vizuri nilipofika mezani kwa Bwana Haji.

“Shikamoo, Bwana Haji.”

“Marahaba. Una nini?”

“Nakuomba uje uwanjani kesho baada ya sala ya Ijumaa. Kuna kitu kwenye njia.”

“Kitu gani?”

“Nitakuonesha.”

Zaidi ya hapo sikuthubutu. Ofisini kwetu mtu akisema jambo, la kwanza anaulizwa, “Limepimwa?” Nisingeweza kumpelekea kidole cha Mama Mkubwa. Nilihitaji kitu cha kupimika, na usiku kucha sikukipata. Nilikipata leo asubuhi, nikiwa namimina maziwa ya kopo kwenye chai. Kopo lilikuwa limetobolewa matundu mawili juu, na maziwa yakachora mstari mezani.

Nilicheka peke yangu kama niliyepandwa na shetani.

Saa nne nilikuwa Mlandege, kwenye mkahawa, naomba makopo matupu. Nikapata kumi na moja. Nikayatoboa chini kwa msumari. Chokaa nilikwenda kuomba kwa fundi anayetunza stoo ya ujenzi. Nikamwambia ni kazi ya ofisi, na kweli ni kazi ya ofisi. Kisha nikapanda ngazi moja baada ya nyingine, nikagonga milango. Kila mwanamke nilimwambia hivi: wanaume wakishakwenda msikitini, shuka na kopo hili, nenda kwa mtu unayemtaka, na njia nzima unatikisa kopo. Ukimaliza kumtazama, rudi, na ukirudi pia utikise.

“Hii si dawa ya kuzingulia mtaa?” aliniuliza mmoja wa jumba la tatu, jirani aliyezoea utani.

“Ni dawa hasa,” nikamwambia. “Ya kuniponya mimi.”

Ilipoadhiniwa, uwanja ukabaki mtupu. Wakashuka. Wallahi sijawahi kuona kitu kama kile: mabuibui kumi, kila moja na kopo, yanatikisika, yanacheka, chokaa inaruka mpaka kwenye miguu. Wa kumi na moja alikuwa Mama Mkubwa. Alisimama mwisho wa ngazi, akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona mtu. Akatoka. Alikwenda upesi na moja kwa moja, na magoti yake yale yale, mpaka kwa Bi. Riziki. Nilisikia kelele zao za kukutana kutoka ng'ambo ya uwanja.

Nikafurahi. Halafu nikatazama chini.

Mistari ilikuwa kumi na moja, myeupe, imenyooka, na karibu yote ilipita katikati. Pale pale nilipochora njia zangu!

Niseme ukweli tena. Kitambo kidogo nilifurahi, furaha mbaya. Mchoro wangu ulikuwa sawa. Hakuna kosa, hakuna aibu, kesho ni muhuri. Lakini kama njia ilikuwa sawa, basi Mama Mkubwa anaisha kwa ugonjwa nisioujua, na sina la kumfanyia. Na Bwana Haji yuko njiani anakuja, na mimi nimeumwagia chokaa uwanja mzima kwa ajili ya kumwonesha kwamba sina cha kumwonesha. Nilikaa juu ya tofali.

Hesabu yangu ilikuwa wanawake wawe wamesharudi kabla sala haijakwisha. Hesabu gani hiyo, mtu aliyelelewa na Mama Mkubwa! Kuna walioamua kusali adhuhuri huko huko. Kuna waliotengewa kahawa. Wana miezi miwili ya maneno, nami nawapa nusu saa. Nilizunguka chini ya madirisha nikiita, nao wakajibu “Tunakuja!” na hakuna aliyekuja.

Wanaume wakarudi, kanzu nyeupe tupu. Kila mmoja akenda pahala pake pa kila siku: juu ya matofali, juu ya masanduku, wengine mkeka, bao likawekwa, muuza kahawa akashusha birika. Wakaenea kwenye njia zangu zote tatu, hata kabla hazijajengwa. Mzee mmoja akainua kanzu, akaitazama mistari.

“Injinia, hii ya serikali tusikanyage?”

“Kanyageni tu, baba,” nikamwambia, nikitamani ardhi inimeze.

Hapo ndipo mwanamke wa kwanza alipotokea kwenye ngazi za jumba la tatu. Ni yule yule mwenye utani. Akawaona wanaume, akasimama. Akavuta buibui. Kisha akageuka, akapita ubavuni mwa jumba, akafuata ukuta kwa nyuma, mkono mmoja umeshika ukaya usoni na mwingine, masikini, bado unatikisa kopo kwa sababu nilimwambia asiache.

Wa pili akafanya vile vile. Wa tatu. Wa nne alitoka jumba la tano akazunguka tangi la maji, akapenya chini ya kamba za nguo, akakutana na chokaa ya wa kwanza akaifuata. Mistari ikaanza kujipinda, ikakutana, ikaungana, mpaka nyuma ya majumba ukawepo mstari mmoja mnene mweupe ambao hakuna aliyeupanga.

Walikwenda kwa katikati wakarudi kwa nyuma. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale chini!

Nilipiga kelele mbele ya wanaume wote wale, na wakaacha bao wakanitazama.

Mama Mkubwa alikuwa wa mwisho. Alichungulia, akawaona, akarudi ndani. Nilijua akipanda tena, atakaa kwa Bi. Riziki mpaka magharibi, na baada ya leo hatashuka tena. Lakini akatoka. Hakuufuata mstari wa wenzake. Alitazama huku na huku, akaona mshelisheli wa zamani uliobakishwa kwenye pembe ya nyuma ya jumba la pili, akaingia kivulini. Akapita baina ya mti na ukuta. Penye dirisha la jikoni la mpangaji wa chini akasimama, akasema neno, mtu wa ndani akacheka, yeye akacheka, akaendelea, kopo linatikisika. Akatokea kwenye ngazi zetu na hakuna mwanamme hata mmoja aliyemwona.

Nilikimbia nikahesabu. Hatua mia na thelathini. Ishirini zaidi ya njia yangu, na alipofika hakuwa hata amehema.

“Shikamoo, Mama Mkubwa,” nilimwambia, kana kwamba leo hatujaonana.

“Marahaba. Kopo lako hili limekwisha chokaa,” alisema, akanikabidhi.

Bwana Haji alikuja akiwa na kanzu na kofia yake ya Ijumaa, na wingu jeusi la mvua juu ya kichwa chake. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba. Sikuikumbuka.

“Nimekosea,” nikasema. “Njia nimezichora za wanaume. Chokaa hii ni ya wanawake, kwenda na kurudi.”

Aliitembelea mistari kwa macho, ile iliyonyooka, kisha ile iliyopinda.

“Kwenda walipita katikati?”

“Wanaume mlikuwa msikitini.”

“Na kurudi?”

Nilimwachia asome mwenyewe. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, ingawa haikuwa na kitu.

“Mke wangu miezi mitatu ananambia hataki flati,” alisema. “Namuuliza sababu, ananambia, ‘Kule hakuna pa kupita.’ Na mie kila siku namwambia, ‘Mbona barabara zipo?’”

Tone la kwanza likanipiga puani.

Nilitoa utepe wa kupimia, na hapo tena hapakuwa na mkuu wala mdogo. Bwana Haji alipandisha kanzu yake mpaka magotini, akashika ncha. Lakini tulipofika pembeni, pale mstari unapogeuka kwenda nyuma ya majumba, akasimama mguu mmoja juu. Nyuma ya kamba za nguo walikuwa wamekaa wanawake watano sita, makopo mapajani, wananitazama mimi na kazi yangu. Mlango hapana. Ukuta hapana. Ni kiwanja wazi cha Mungu, mvua inaanza, na kesho kuna kamati.

“Hodi!” akasema Bwana Haji.

Ikaja sauti ya Mama Mkubwa kutoka kwenye ngazi zetu:

“Karibu. Pita upesi, mvua hiyo.”

Akapita ameinamisha macho chini, nami nyuma yake na utepe, nacheka na kulia. Namba niliziandika mkononi kwa penseli ya wino, kwa sababu karatasi ilishalowa. Tulipomaliza upinde wa mwisho pale kwenye mshelisheli, mvua ikashuka yote kwa pamoja, na chokaa ikaanza kukimbia na maji mbele ya macho yetu. Tulijibanza chini ya ngazi, kofia ya Bwana Haji imelegea.

“Mabaraza yabaki katikati, nasi tunataka pa kukaa,” alisema. “Njia hii ya nyuma usiitie baraza hata moja. Na kesho utasema wewe mwenyewe.”

“Niseme nimekosea?”

“Sema hivyo hivyo. Halafu wape namba zako.”

Kwa hiyo sasa nimekaa mezani na mchoro mpya umeshanitoka nusu, na penseli mojawapo ya Mlandege imekwisha. Njia ya nyuma ninaichora ya kupinda, kama walivyoipinda wenyewe. Nimeipandia asumini upande wa ukuta na mikilua yenye kunukia upande wa uwanja, mirefu ya kutosha kumficha mtu na mifupi ya kutosha kuona mtoto akianguka. Pembea mbili nimezihamishia huku. Penye mshelisheli nimeacha pahala patupu pa kutandika mkeka, na sijapaandika jina, watapaita wenyewe. Mabaraza ya katikati nimeyapunguza lakini nimewapa wazee kivuli kizuri zaidi, wasije wakasema Injinia amewageuka. Sijui kamati itasema nini. Yule wa kiti kitupu atakuwepo. Naogopa, na wakati huo huo siwezi kungoja pakuche.

Nilifika kwenye asumini nikakwama: je, zianzie kwenye ngazi zetu au baada ya dirisha la jikoni la yule mpangaji wa chini? Nikamwita Mama Mkubwa aje achague. Hakuitika. Nikadhani amelala, maana leo ametembea zaidi ya miezi miwili yote. Nikachungulia chumbani. Kitanda kimetandikwa. Roshani kiti chake ni kitupu. Msumari wa nyuma ya mlango, ule anaotundikia buibui lake, hauna kitu.

Nimetoka roshani nikatazama chini. Wanaume wamesharudi mahala pao na bao lao, wanapangusa matofali yaliyorowa. Chokaa yote imekwenda na maji, hakuna hata alama moja iliyobaki ya kumwonesha mtu pa kupita. Na kutoka dirishani kwa Bi. Riziki nasikia vicheko viwili, kimoja nakijua tangu utoto.

Kesho saa tatu nitaanza na neno “nimekosea”, na nitalisema kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya mwisho. Leo nina njaa, chai sijatengewa, na wa kunitengea amekwenda zake bila ya kuaga, kama zamani.

Akirudi sitamuuliza amepita wapi.